Simu Imefika, Mwenye Simu Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, zamani tulipoinua simu tulianza kwa kujuliana hali. Siku hizi salamu ya kwanza ni "Uko wapi?" Mume humwuliza mke, tajiri humwuliza dereva wake, mama humwuliza binti aliyekwenda sokoni tangu asubuhi. Majibu nayo twayafahamu. Asemaye "nipo hapa hapa karibu" aweza kuwa bado yumo bafuni, na yule wa "nimeshafika Ubungo" basi lake halijapita hata Kibaha. Uongo huo mdogo haumwui mtu, na pengine umeziokoa ndoa kadhaa.

Lakini iko saa ambapo swali hilo huulizwa na mtu asiyekufahamu, aliyeketi mbele ya simu usiku wa manane, mwenye gari na dereva wa kukupelekea, naye anataka jibu moja tu lililo kweli. Saa hiyo wengi wetu hushindwa kulijibu. Nimeona vema tulizungumze jambo hili leo, kwa sababu limekwisha kuigusa nyumba yetu, na kila nilipouliza kwa majirani na wafanyakazi wenzangu nimekuta nyumba nyingine nyingi zimo katika hatari ile ile bila kujua.

Wenye umri wa wazazi wangu wanaikumbuka vizuri simu ya waya. Kijijini ilikuwa moja, ofisini au misheni, nyeusi na nzito, na aliyetaka kuitumia alimwomba kwanza karani. Katika miji ilikuwa mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Simu hiyo ilikuwa na kasoro zake, ila ilikuwa na jambo moja jema ambalo hakuna aliyelithamini mpaka lilipotoweka: ilifungwa mahali. Waya ulitoka ukutani, ukapanda nguzo, ukaenda nguzo kwa nguzo mpaka kituoni, na katika daftari la Shirika la Posta na Simu, na baadaye la TTCL, iliandikwa wazi kuwa namba hii ni ya nyumba hii katika mtaa huu. Mgonjwa aweza kupotewa na sauti, waya ukamsemea.

Hata wenzetu waliotutangulia kwa simu walianza na taabu ya namna nyingine. Mwezi Novemba mwaka 1935 nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole Street, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyeuona moto ule alipiga simu, akabaki kusubiri zamu yake kama mtu aliyetaka kumsalimu shangazi. Akaandika barua ya hasira gazetini, ukafanyika uchunguzi, na tarehe 30 Juni 1937 London ikapata namba 999. Marekani walichelewa zaidi. Simu yao ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Angalia basi kwamba shida iliyowasumbua watu hao ilikuwa ni nani apokee simu upesi. Habari ya mpigaji yuko wapi haikuwatesa sana, maana waya ulikuwa umeimaliza.

Simu ya mkononi ilipoingia nchini kwetu katikati ya miaka ya 1990 ilikuja na mkasi wa kuukata waya huo. Tangu hapo simu hutembea na mwenyewe, shambani, garini, hata chooni, na kampuni ya simu hujua jambo moja tu kwa hakika, nalo ni mnara upi unaozungumza nayo wakati ule. Pale Kariakoo minara imesongamana, hivyo kuujua mnara ni kukaribia kuujua mtaa. Sasa nenda Kisawasawa.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Kisawasawa imo katika bonde la Kilombero, kwenye barabara itokayo Mikumi, ikapita Kidatu na Mang'ula na kuendelea mpaka Ifakara. Ukielekea Ifakara, milima ya Udzungwa unaiacha mkono wa kuume, imesimama kama ukuta na misitu yake. Mkono wa kushoto nchi inafunguka, tambarare, mpunga na miwa na matete, mpaka macho yanachoka. Katika nchi kama hiyo mnara mmoja huweza kuhudumia kilomita nyingi, na mlima nao huzuia mawimbi upande mmoja. Kumwambia dereva kwamba mgonjwa yumo katika eneo la mnara fulani ni sawa na kumwambia kwamba sindano imo katika gunia la mpunga. Amekwisha kujua ni gunia lipi, lakini kazi yenyewe haijaanza.

Simu za kisasa zina dawa ya shida hiyo. Ndani yake kimo kifaa kinachosikiliza setilaiti na kukadiria mahali kilipo kwa mita chache, pakiwa peupe. Mwaka 2014 Waingereza walianzisha mpango ambao simu, mara tu ipigapo 999, hukiwasha kifaa hicho yenyewe na kutuma ujumbe mfupi wa kueleza ilipo, mgonjwa asiguse kitu. Ni mpango mzuri mno. Hata hivyo wataka mambo mawili: simu iwe ya aina hiyo, na kituo kinachopokea kiwe na mtambo wa kuusoma ujumbe. Kitochi cha bibi yangu hakimo katika hesabu hiyo.

Simu ya intaneti ndiyo yenye mushkeli mkubwa kuliko zote, na ndiyo tunayoitumia zaidi kila uchao kwa sababu ni rahisi. Unapompigia mtu kwa WhatsApp, sauti yako hukatwakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikaandikwa anwani ya kwendea mfano wa barua, vikatumwa kwa njia yoyote iliyo wazi, kisha vikaunganishwa upande wa pili kabla msikilizaji hajapepesa macho. Anwani zinazotumika humo ni namba tupu. Hueleza mtandao uliokupa hiyo namba. Ardhi uliyoikanyaga haihusiki. Mtu aliyesimama kwenye jaruba Kisawasawa aweza kuonekana katika intaneti kana kwamba yuko Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko liliko lango la kampuni yake ya simu.

Wamarekani walilitambua hilo kwa machungu. Familia kadhaa zilizokuwa zimeacha simu ya waya na kuchukua ya intaneti zilipiga 911 wakati wa shida, simu zao zikaishia pasipostahili. Mwaka 2005 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikayaamuru makampuni ya simu za intaneti yaziunganishe simu hizo na vituo vya dharura, na kila mteja aandikishe mahali anapokaa. Watu wakaona mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwezi Aprili mwaka 2008, katika mji wa Calgary nchini Canada, mtoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu alizidiwa. Familia ikapiga 911 kwa simu yake ya intaneti, ikajibiwa, gari la wagonjwa likatumwa. Likaenda Mississauga, jimbo la Ontario, maelfu ya kilomita kutoka pale, kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi zamani, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa imeandikwa. Watu wa nyumba ile wakasubiri, mwishowe wakapata msaada kwa simu ya jirani. Mtoto alifariki. Nilipoisoma habari hiyo niliiweka chini nikatoka nje kidogo, kwa maana nilikuwa nimeisikia kwa lugha nyingine, kutoka kwa ndugu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua za masika zimekolea, mpunga umeanza kutoa masuke. Msimu huo katika bonde letu familia nyingi huhama. Nyumba ya kijijini hufungwa kufuli, watu wakaenda kuishi shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili kuwafukuza ndege na nguruwe mwitu wasimalize jasho lao. Mdogo wangu alikuwa huko na mkewe mwenye mimba. Siku zilihesabiwa kuwa bado wiki tatu. Mtoto alikuwa na hesabu yake.

Saa tatu ya usiku simu yangu ikalia hapa mjini. Ilikuwa WhatsApp, sauti inakatika kama redio yenye betri mbovu. "Dada, shikamoo. Wifi yako ameshikwa na uchungu, na damu inatoka. Sina vocha, nina bando tu."

"Marahaba. Kata, piga 115," nikamwambia. "Ni bure, haitaki vocha."

"Bure kweli, dada?"

"Kata sasa hivi!"

Akakata, akapiga. Alijibiwa upesi, na kwa upole, hilo alisisitiza baadaye. Akaulizwa kijiji, akasema Kisawasawa. Akaulizwa anwani, naye kwa fahari ya mtu mwenye kibao kipya mlangoni akataja barabara na namba ya nyumba, sawasawa kama alivyofundishwa. Dereva akatoka mbio. Akafika kwenye nyumba yenye kibao hicho, akakuta kufuli.

Katika watu hawa simwoni wa kumlaumu. Mwulizaji aliuliza inavyopasa, mjibu alijibu inavyopasa, na dereva alifika hasa pale alipoelekezwa. Majirani waliotoka na tochi ndio waliomwambia kwamba wenyewe wako shamba, ng'ambo ya majaruba, na kijana mmoja akapanda mbele kumwonyesha njia mpaka pale gari lisipoweza kupita. Kutoka hapo wifi yangu alibebwa kwa baiskeli juu ya tuta la mpunga, watu wawili wakimshika huku na huku. Zilipotea kama dakika arobaini. Alijifungua kituoni, mtoto wa kike, mzima. Mama mtu aliongezewa damu, akalala siku tisa. Muuguzi aliyempokea alimwambia mdogo wangu maneno ambayo yeye hajapenda kunirudia yote. Alinieleza tu kwamba dakika arobaini nyingine zisingekuwapo.

Wasomaji watakuwa wamekwisha kuuona ufanano. Familia ya Calgary ilikuwa na anwani iliyoandikwa vizuri katika daftari la kampuni, na familia ya Kisawasawa ilikuwa na anwani iliyoandikwa vizuri kwenye kibao cha bati. Zote mbili zilikuwa za kweli. Ila anwani hueleza nyumba ilipo, na mtu akiwa taabuni aweza kuwa popote.

Sitaki nieleweke kwamba nazibeza anwani za makazi. Operesheni ile iliyozinduliwa Dodoma mwezi Februari mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti ya mwaka huo, ilileta kitu ambacho nchi yetu haikuwa nacho tangu uhuru. Vijana walipita mtaa kwa mtaa, barabara zikapewa majina, milango ikapewa namba, na kila kata ilikuwa tayari na msimbo wake wa posta wenye tarakimu tano. Aliyewahi kumwelekeza fundi bomba nyumbani kwake kwa simu, "ukifika kwenye mwembe kata kushoto, uulize kwa mama Asha," aijua thamani ya namba. Na mwembe wenyewe aghalabu ulishakatwa miaka mitatu iliyopita.

Kadhalika tusidanganyike na usajili wa laini. Mwezi Januari mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na wengi wetu tunakumbuka foleni za kitambulisho cha taifa. Basi kuna watu wanaodhani kwamba maadamu kidole chako kimo katika mtambo, ukipiga simu "wanakuona". Laini yajua jina lako, siku uliyozaliwa na pengine jina la mama yako. Habari ya kwamba usiku huu umelala dunguni haimo.

Ile namba 115 niliyomtajia mdogo wangu ndiyo inayotumiwa na mpango wa m-mama, ambao mwanzoni ulijaribiwa katika Kanda ya Ziwa, kisha mwezi Aprili mwaka 2022 ukazinduliwa Dodoma uenee nchi nzima. Ni mpango ulioanza kwa kukubali hali ilivyo. Magari ya wagonjwa hayatoshi, vijiji viko mbali, basi madereva wa kawaida wenye magari yao hufundishwa na kuandikishwa, na simu ya mama mjamzito au mzazi mwenye kichanga ikiingia, mratibu hupima uzito wa shida, akamtafuta aliye karibu, na malipo ya dereva hupitia simu yake. Mimi huona kuwa uzuri wake mkubwa ni huyo dereva mwenyeji. Setilaiti itakwambia latitudo. Mwenyeji atakwambia kwamba njia ile imekatwa na maji tangu juzi. Katika bonde la Kilombero, ambako mwaka 2024 mafuriko yaliingia mpaka ndani ya nyumba za watu, huyo wa pili ndiye atakayekufikisha.

Niseme kidogo na ndugu zetu walio mbali. Wako Waswahili wengi Muscat, London na Toronto ambao husikia habari za nyumbani kwa WhatsApp kabla hata jirani hajasikia. Mama akianguka Ifakara, mtoto wa kwanza kupigiwa ni yule wa Muscat, kwa sababu ndiye mwenye pesa. Naye afanyeje? Akipiga namba ya dharura ya huko, 9999, atapata askari wa Oman. WhatsApp yenyewe imeandika wazi katika masharti yake, yale tunayoyakubali bila kuyasoma, kwamba haikuunganishi na huduma za dharura. Huyo mtoto wa Muscat msaada wake wa kwanza ni kusema, "Kateni, pigeni 115 kwa simu ya kawaida," na kuwa na namba ya jirani au ya mwenyekiti wa kitongoji ambaye atamwamsha kwa simu. Wengi tunazo namba za watu wazito wa mjini, na ya jirani wa mama yetu hatuna.

Sasa tuzungumze ya nyumbani kwako wewe unayesoma, uwe Kinondoni au Kiberege. Kabla hujalala leo jaribu kumwelekeza mtu asiyeijua nyumba yako kwa maneno ambayo hayana neno "hapa" wala "pale". Utaona kazi yake. Taja kwanza mkoa na wilaya, kwa sababu majina ya vijiji na mitaa hujirudia. Majengo ziko ngapi katika nchi hii? Kisha kata, kijiji au mtaa, kitongoji, na ndipo kitu kisichohama: shule, zahanati, daraja, kituo cha reli. Pembezoni mwa barabara kuu na kando ya reli ya TAZARA viko vibao vya kilomita ambavyo abiria hatuvisomi kamwe, na ajali ikitokea ndivyo pekee vitakavyokutaja. Kama una simu janja, jifunze leo, ukiwa na utulivu, kutuma mahali ulipo katika ramani, maana ni jambo la kugusa mara mbili tatu tu, na dereva akishapatikana aweza kulipokea kwenye simu yake mwenyewe. Wanaohamia shamba wamwachie jirani maelezo, na wanapopiga simu waseme kwanza "tuko shamba" kabla ya kutaja kibao chochote. Mtu mmoja apelekwe barabarani na tochi au kanga nyeupe. Hayo ya mwisho babu zetu waliyafanya bila simu.

Watoto nao wasisahauliwe, kwani mara nyingi mzima ndiye aliyeanguka na mdogo ndiye mwenye simu mkononi. Mwezi Desemba mwaka 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, mtoto wa miaka tisa alimwona mama yake akishambuliwa, akapiga 911 mara nne kama alivyofundishwa. Simu ya hoteli ile ilitaka ubonyeze kwanza 9 ili kupata laini ya nje, naye hakuwa na namna ya kulijua hilo. Mama yake aliuawa. Marekani walitunga sheria mwaka 2018 ili simu za majengo ya namna hiyo zifikishe 911 moja kwa moja, na mwaka huo huo wakaweka sharti jingine, kwamba simu ya dharura ieleze hata ghorofa na chumba. Wetu wadogo waanzie karibu zaidi. Mwanangu wa miaka saba anajua nyimbo zote za matangazo ya soda, nilipomwuliza jina la mtaa wetu alinijibu, "Kwetu." Tumekwisha kuliandika kwa wino mnene ubavuni mwa kabati la vyombo, pamoja na namba ya nyumba, kata, na namba nne ambazo hazitaki vocha: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji, 115 ya wagonjwa, 116 ya watoto wenye shida.

Na ukiisha kupiga na kueleweka, ndugu msomaji, usianze kuwapigia shangazi na wajomba kuwapa habari. Acha simu yako wazi, na betri uitunze, kwa kuwa dereva akifika njia panda asijue pa kushika ni wewe atakayekupigia.